Vyanzo Vitatu vya Maji ya Majivu

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatano, nilisoma kwenye simu sentensi niliyokuwa nimeiandika mwenyewe. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika kwenye daftari. Kazi yangu ni kutengeneza mizani, na fundi wa mizani asiyeandika saa na tarehe hujitafutia ugomvi na wateja.

Nilikuwa Bunda mjini, nimekaa juu ya gunia la mtama ndani ya duka la mnunuzi wa nafaka. Mzani wake ulikuwa umefunguliwa miguuni pangu, na tulikuwa tunasubiri mawe ya kupimia yaletwe kutoka duka la jirani. Nikafungua simu ili nisome tena, kwa mara ya mwisho, ukurasa wa tovuti moja ya kilimo unaoeleza jinsi ya kulowesha pingili za muhogo kwenye maji ya majivu ili kuua ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Asubuhi hiyohiyo dada yangu alikuwa Buswahili, anapanda eka moja na nusu kwa kufuata ukurasa huo. Mimi ndiye niliyemwambia apande.

Ukurasa ulisema kwamba mkulima mmoja wa mkoa wa Mara alipanda mistari miwili nyuma ya choo cha zamani, na pingili zote ishirini na nane zilichipua bila kufa hata moja.

Choo hicho ni cha dada yangu. Kilititia, akachimba kingine. Pingili ishirini na nane nilizihesabu mimi, nimechuchumaa.

"Vipi fundi, umefiwa?" mnunuzi wa nafaka akaniuliza.

"Hapana. Nimejisoma."

"Umejisoma wapi?"

"Humu kwenye mtandao. Wamenitumia kama ushahidi."

"Hongera," akasema. "Wenzako wanalipia matangazo."

Inabidi nieleze nilivyofika hapo, ingawa hata sasa, kila ninapoyapanga mambo haya, kuna mahali hayapangiki.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kusoma, kwanza vitabu vya kuazima parokiani Musoma, kisha mtandao ulipofika kwenye simu za bei yetu. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kuniambia hiki ni kweli na hiki si kweli, nilijitungia kanuni. Kila tovuti ninayoitumia naipa alama katika kumi. Naangalia kama mwandishi ametaja jina na kazi yake, kama kuna tarehe na ni ya karibuni, kama ameeleza alikotoa habari, na kama hauzi kitu. Baada ya hapo natafuta tovuti nyingine mbili zinazosema jambo hilohilo. Zikifika tatu, naamini. Kwa kanuni hizo nimejifunza kutengeneza mizani ya kielektroniki ambayo hakuna fundi aliyekuwa amenionyesha, na mpaka sasa wachuuzi wa samaki pale Musoma wananiletea mimi.

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka sita na ni mjane. Analisha watu sita kwa muhogo: makopa, ugali, na mbichi wa kuchemsha asubuhi. Mwaka juzi alipong'oa, muhogo kwa nje ulikuwa mzima. Alipoukata, ndani ulikuwa na mistari ya rangi ya kutu, mikavu, na ukipikwa unabaki mgumu na mchungu. Mwaka ule alinunua unga kwa miezi minne. Alikuwa na ng'ombe watatu walioachwa na marehemu mume wake, akauza mmoja. Akikosa muhogo mwaka mwingine, atauza na hao wawili, na mjane asiye na ng'ombe kule hana neno kwenye kikao chochote cha ukoo. Hilo alikuwa ameniambia kwa maneno machache kuliko haya.

Afisa ugani wa kata, mama mmoja mtulivu mwenye buti za mvua, alikuwa amemwambia ang'oe yote na asipande tena pingili za shamba lile wala za alikozipata, bali anunue pingili safi kwa mkulima wa mbegu.

"Ninunue vijiti?" dada aliniuliza siku aliponieleza habari hiyo. "Watu watasema nimekosana na ukweni."

Mtu asiye wa huku hawezi kuona uzito wa jambo hilo. Kwetu vijiti vya muhogo haviuzwi baina ya ndugu. Vya dada yangu vilitoka Mugeta, kwa wifi yake, dada wa marehemu mume wake. Tangu alipoolewa, kila msimu wifi huyo alikuwa anamletea mafungu yamefungwa kwa kamba ya katani, bila kuombwa. Mume alipofariki hakuacha kuleta. Kuyakataa mafungu yale, na kwenda kutoa pesa kwa mtu baki, kungekuwa ni kusema hadharani kwamba undugu ulizikwa pamoja na marehemu.

Kwa hiyo nikaingia mtandaoni kutafuta njia ya tatu, na mtu anayetafuta kwa nia hiyo huipata. Tovuti moja ilisema ukilowesha pingili kwa siku mbili kwenye maji ya majivu, vikombe vitatu kwa ndoo moja, ugonjwa unaisha. Mwandishi alitaja jina lake. Alikuwa na picha, amevaa koti jeupe. Tarehe ilikuwa ya mwezi uleule. Chini kulikuwa na orodha ya marejeo. Niliipa alama tisa.

Niliona pia ukurasa wa kituo cha utafiti. Ulichukua dakika nne kufunguka. Haukuwa na jina la mtu wala picha ya maana, ila majedwali, na tarehe yake ilikuwa ya zamani. Ulisema ugonjwa unasababishwa na virusi vinavyokaa ndani ya mmea, kwamba hauna dawa, na kwamba mmea wenye virusi huweza kuonekana mzima kabisa juu. Niliupa alama nne. Ninalo daftari hapa, na alama ziko kwa mwandiko wangu: tisa kwa koti jeupe, nne kwa kituo cha utafiti. Kila nikizikagua kwa kanuni zangu naona nilizitoa kwa haki.

Hata hivyo tovuti moja haikutosha. Nikamshauri dada tufanye jaribio. Mwezi wa tatu, mvua za masika zilipoanza, tulipanda nyuma ya choo cha zamani mistari miwili ya pingili zilizoloweshwa, kumi na nne kila mstari, na mstari mmoja wa pingili kavu kutoka kwenye fungu lilelile la Mugeta. Baada ya wiki tatu zote zilikuwa zimechipua. Nilifurahi, nikaandika kwenye kundi la wakulima mtandaoni, lenye watu wengi nisiowafahamu: pingili ishirini na nane, nyuma ya choo cha zamani, hakuna iliyokufa.

Kwamba mstari usioloweshwa nao ulichipua wote, hilo sikuliandika. Sikuficha. Niliona tu halina habari ndani yake.

Mwezi wa tisa dada akapiga simu. "Mvua inanukia. Wifi ameshasema analeta mafungu, shamba zima. Niloweshe yote au nisiloweshe?"

Nikarudi mtandaoni. Tovuti za majivu sasa zilikuwa tatu. Nilizikagua kwa siku mbili, nikazipa alama, zote zikapita nane. Moja yao ilinipendeza kwa kutaja ushahidi wa shambani kutoka mkoa wetu wenyewe. Nilisoma mstari wa kwanza wa ushahidi huo, nikaridhika, nikaishia hapo. Nikampigia dada nikamwambia aloweshe yote, apande.

Basi nikiwa juu ya gunia la mtama nikasoma na mistari iliyofuata. Nilipojiona humo nikafungua zile nyingine mbili kwa haraka. Vikombe vilikuwa vitatu kote. Picha ya ndoo ilikuwa moja kote. Tovuti ya pili, kwenye marejeo yake, ilitaja ya tatu. Ya tatu ilitaja ya kwanza. Ya kwanza, ile ya koti jeupe, ilikuwa imeongezewa maneno tangu niisome mara ya kwanza, na sasa ilitaja ya pili, ambamo nilikuwamo mimi, pamoja na pingili zangu ishirini na nane.

Nimewahi kumkuta muuza dagaa aliyeokota jiwe ufukweni, akalipima kwenye mzani wake akaandika juu yake kilo mbili, halafu kila asubuhi analitumia jiwe hilo kuhakikisha kwamba mzani uko sawa. Nilimcheka mbele ya watu.

Nikampigia dada. Simu ilikuwa imezimwa; huwa anaiacha kwenye kibanda cha kuchajia pale senta. Nikamwambia mnunuzi wa nafaka kwamba naondoka.

"Na mzani wangu?"

"Nitarudi kesho. Pesa ya leo usinilipe."

"Kuna mgonjwa?"

Nikasema ndiyo.

Nilipanda basi mpaka Kiabakari, nikabadilisha gari kwenda Butiama, na kutoka hapo nikachukua pikipiki. Njiani nilisoma ukurasa wa kituo cha utafiti mara mbili, na kwa mara ya kwanza niliusoma bila kuupa alama. Sikuwa na uhakika kwamba wao ndio wakweli. Nilichokuwa na uhakika nacho ni kwamba wale watatu walikuwa mmoja, na kwamba ushahidi wa huyo mmoja ulikuwa mimi. Jambo hilo haliwafanyi wengine kuwa wakweli. Nililigeuzageuza mpaka Buswahili bila kupata mwisho wake.

Nilifika saa saba na robo. Karibu nusu eka ilikuwa imeshapandwa. Vibarua wawili walikuwa wanakula kivulini, na dada yangu alikuwa kwenye matuta pamoja na wifi yake wa Mugeta, ambaye sikutegemea kumkuta. Alikuwa amekuja na mafungu kwa pikipiki, akabaki kusaidia. Amekaribia miaka sitini na mikono yake ina nguvu kuliko yangu.

"Shemeji," akasema. "Umekuja kutushikia jembe au umekuja kutushikia daftari?"

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umekonda. Musoma samaki wameisha?"

Nikamwambia dada wasimamishe kupanda. Aliegemea jembe akanitazama.

"Wiki iliyopita ulisema tupande."

"Nilikosea."

"Uliniambia vyanzo vitatu."

"Vilikuwa kimoja."

"Kimoja cha nani?"

"Changu."

Akamgeukia wifi yake. "Unamsikia huyu? Ndiyo anavyokuwaga tangu mdogo. Anakuuliza swali, unamjibu, halafu anakwambia jibu ulilitoa kwake."

Ilibidi niseme lililokuwa gumu, na mwenye pingili alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nikaeleza kwamba majivu huenda hayafanyi kitu, na kwamba kama fungu lina ugonjwa, basi shamba zima litakuwa nao. Nilisema "kama" mara nyingi. Wifi aliweka chini fungu alilokuwa amelishika.

"Kwa hiyo vijiti vyangu ni vya ugonjwa," akasema.

"Anasema ya mtandaoni, wifi," dada akadakia. "Usimsikilize. Wewe umenilisha miaka ishirini."

"Sijamuuliza ya mtandaoni. Namuuliza vijiti vyangu."

"Sijui, shemeji," nikasema, na ilikuwa kweli tupu. "Twende nyuma ya choo cha zamani tukachimbe."

Tukaenda wote watatu, na vibarua nyuma yetu. Mihogo ilikuwa na miezi saba, majani mazuri, ya kijani mpaka chini. Dada alitaka kunicheka kwa majani yale. Nikachimba sita kwenye mistari iliyoloweshwa na sita kwenye mstari mkavu, nikaipanga chini ubavu kwa ubavu, nikaikata mmoja mmoja. Iliyoloweshwa, minne ilikuwa na michirizi ndani. Isiyoloweshwa, mitatu.

Dada akachuchumaa akaitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo majivu yanaongeza ugonjwa?"

"Hapana. Minne na mitatu ni kama sawa."

"Kwa hiyo hayaongezi. Yanapunguza?"

"Hapana."

"Sasa yanafanya nini?"

"Yanachafua maji."

Kibarua mmoja alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza.

Wifi aliokota kipande kimoja kilichokatwa akakikwaruza kwa kucha kwenye mstari wa kahawia. Alipozungumza hakututazama.

"Hata kwangu iko hivi," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Nilidhani ni udongo wa Mugeta umechoka. Nikasema nikuletee huku, kwenye udongo mzuri, labda itapona."

"Hukuniambia, wifi."

"Ningekwambia nini? Kwamba mwaka huu sina cha kukuletea? Kaka yangu amekufa, halafu mimi nakuja mikono mitupu. Ungenielewaje?"

"Na mimi nilikuwa naiona mihogo ina kutu," dada akasema, "nikawa napokea mafungu. Ningekwambiaje?"

Wakabaki wamechuchumaa hivyo, mihogo kumi na miwili mbele yao. Mimi nilisimama na daftari. Nina kurasa kumi na moja juu ya suala hili, zenye tarehe, alama na marejeo. Hakuna mahali nilipoandika kwamba nilimpigia simu mwenye pingili nikamuuliza muhogo wake ukoje. Namba yake ninayo tangu siku ya msiba wa mume wa dada.

Tukampigia afisa ugani kwa simu ya kibarua. Nilimweleza yote kwa mpangilio. Alisikiliza, kisha akasema ang'oe vyote vilivyopandwa leo na vya nyuma ya choo, avichome, asisubiri.

"Samahani mama," nikamwambia, "naomba kujua chanzo chako ni kipi."

"Chanzo kwa maana gani?"

"Umejuaje kwamba haina dawa?"

"Tulifundishwa na watu wa kituo cha utafiti. Halafu miaka tisa nakata mihogo ya watu."

"Ukurasa wao una tarehe ya zamani."

"Baba," akasema kwa upole, "na ugonjwa ni wa zamani."

Jioni ile wanawake wawili walichoma mafungu ya Mugeta pamoja. Wifi ndiye aliyewasha kiberiti. Alisema ni vyake, avichome mwenyewe. Wakakubaliana kwamba watanunua pingili safi kwa mkulima wa mbegu upande wa Bunda kwa jina la wifi, mafungu yapitie Mugeta kwanza, na yeye ayalete Buswahili kwa mkono wake kama miaka yote. Nililiona jambo hilo halina mantiki, maana njia ni ndefu na pikipiki ni ileile ya kulipiwa mara mbili. Nilitaka kusema. Dada alinitazama, nikaacha.

Niliporudi Musoma niliandika kwa zile tovuti tatu. Nilieleza kwamba mkulima wa mkoa wa Mara ni mimi, kwamba nilitoa habari nusu, na nikatoa hesabu ya kuchimba: minne kwa sita, mitatu kwa sita. Mbili hazikujibu. Ya koti jeupe ilinijibu ndani ya dakika moja kwa kunishukuru kwa maoni yangu. Kesho yake nikafungua ukurasa wao. Maneno yalikuwa yaleyale, pingili ishirini na nane zilikuwapo, ila juu paliandikwa kwamba ukurasa umehuishwa, na tarehe ilikuwa ya siku ile. Kwa kanuni zangu ilistahili kupanda kutoka tisa kwenda kumi.

Tangu hapo sijatoa alama kwa tovuti yoyote. Nasoma, lakini sijui ninasomaje. Nikikuta ukurasa mzuri, wenye jina na tarehe, naingia wasiwasi kwa sababu ya uzuri wake. Nikikuta mbovu, najiuliza kama sasa ninauamini kwa sababu ya ubovu wake, na hiyo nayo ni kanuni mbaya. Nimejaribu kufuata maneno nyuma mpaka kwa mtu wa kwanza aliyeyasema. Mara nyingine nafika. Mara nyingi njia inapotelea kwenye tovuti iliyofungwa, au inazunguka na kurudi pale nilipoanzia, na sina namna ya kujua kama huko mwisho kuna mtu aliyekata muhogo au kuna mtu kama mimi tu, amechuchumaa, amehesabu vichipukizi na kuacha mstari mmoja.

Pingili safi zilipandwa wiki mbili baadaye, mvua ikiwa imeshika. Sijaziweka kwenye hesabu ya hasara, kwa kuwa zilikuwa za kununuliwa tangu mwanzo. Niliweka ujira wa vibarua wawili wa siku ile, elfu kumi na sita. Plau la ng'ombe lililorudi kwenye nusu eka iliyong'olewa, elfu thelathini. Nauli zangu na pikipiki, elfu kumi na saba na mia tano. Na pesa ya mzani wa Bunda ambayo sikuichukua, elfu kumi. Dada alisema tugawane. Nilimwambia kosa halikuwa lake, akaniambia pingili hazikuwa zangu, tukabishana mpaka wifi akatwambia tunyamaze. Nililipa yote. Jumla ni shilingi elfu sabini na tatu na mia tano.